Vikohozi vya Mapandio

Kila Jumamosi alasiri Aikande alifuta mabenchi ya kanisa, na kila mara alianzia nyuma. Wenzake wa kikundi cha vijana walipenda kuanzia mbele, karibu na madhabahu, mahali ambapo mtu akiingia ghafla atakukuta ukifanya kazi. Yeye alianzia benchi la mwisho kwa sababu hapo ndipo alipoketi bibi yake katika ibada ya alfajiri, pamoja na wazee wengine waliokuja wamejifunika mashuka, wakaimba bila kinanda, polepole, kama watu wanaopanda mlima waliouzoea. Alikuwa amehitimu chuo cha ualimu, na mbele ya watoto wa darasa lake hakuwa na shida. Mbele ya watu wazima, asipokuwa na kitabu cha kusoma, sauti yake ilikuwa na tabia ya kumkimbia.

Siku hiyo hakuwa amefika mbali Mchungaji Sangiwa alipoingia na funguo mkononi. Haikuwa kawaida yake kuja saa zile. Alimsalimu, akauliza hali ya bibi, kisha akaketi kwenye benchi lililokuwa bado na unyevu wala asijali suruali yake. Akaeleza kwamba ibada ya alfajiri itafutwa. Wazee wanateseka na baridi, alisema, na roho yake haitulii anapowaona wakitetemeka. Ni afadhali waje ibada ya pili pamoja na watu wote. Aikande aliijua ibada ya pili. Aliyajua maspika yaliyotikisa vioo vya madirisha, na watu waliofurika hadi uani. Bibi aliijaribu mara moja, akarudi nyumbani amechoka kwa kusimama, hajasikia neno hata moja, akasema kwa upole kwamba ilikuwa ibada nzuri ya watu wengine.

Baraza la kanisa limeshaafiki, aliendelea Mchungaji. Kilichobaki ni mtu wa kuwatangazia kesho, na yeye Aikande ndiye anayewasomea somo kila alfajiri.

"Wewe wanakupenda," alisema. "Likitoka kinywani mwako watalipokea. Tumeelewana, siyo?"

Aikande akafungua kinywa. Neno lilikuwepo, alilihisi limesimama kooni kama mtu mlangoni. Kilichotoka ni kikohozi.

"Pole," alisema Mchungaji, akainuka. "Vumbi la mabenchi hili. Ngoja nikuletee maji." Akaelekea sakristia, chumba cha nyuma ya madhabahu.

Namna Aikande alivyofika nchi ya Mapandio si jambo la kuwachosha wasomaji. Wapo wanaofika nchi za mbali kwa kutembea na wapo wanaofika kwa kupotea. Yeye alifika kwa kukohoa, na aliponyanyua uso alimwona mwanamke wa makamo aliyebeba kikapu cha tangawizi, amesimama anamtazama kwa heshima kubwa.

"Umekohoa vizuri, mdogo wangu," alisema yule mwanamke. "Kikavu, kifupi, hakina makelele. Umelelewa na watu. Huko kwenu mnapinga nini?"

Mwanamke huyo aliitwa Sikudhani, na ndiye aliyempokea Aikande nyumbani kwake na kumfundisha desturi za nchi. Katika Mapandio hakuna anayempinga kiongozi kwa maneno. Wanakohoa. Kiongozi wao huitwa Mtangulizi, na kila siku ya kusanyiko, katika nyumba yao ya ibada, hutangaza mambo aliyoazimia, na asiyeafiki hukohoa. Kikohozi kimoja kikavu maana yake una shaka. Cha kuvuta, kinachoanzia kifuani, maana yake umeumia. Kuna koo zinazorithishana kikohozi cha babu kama wengine wanavyorithishana shamba, na posa zimewahi kuvunjika kwa sababu bwana harusi alisikika akikohoa kihuni. Watoto hufundishwa wangali wadogo. Sikudhani mwenyewe aliwafundisha wa jirani, na alisikitika kwamba kizazi cha sasa kinakohoa bila kufikiri.

Aikande aliuliza kwa nini wasiseme tu.

Sikudhani hakukasirika. Alimchukua hadi nyumba ya ibada, akamwonyesha mlango uliokuwa ubavuni, mzuri kuliko yote aliyowahi kuiona, umenakshiwa maua na kupakwa rangi upya kila mwaka. Ulikuwa Mlango wa Baraka. Sheria ya Mapandio haikatazi kupinga kwa maneno, alieleza. Inakuheshimu sana ukipinga. Mtu akisimama na kusema kwa kinywa chake kwamba hakubali, watu humkumbatia, humfungia chakula cha njiani, humwimbia wimbo wa kumtakia heri, wakamtoa kwa mlango ule na kuufunga nyuma yake taratibu ili asisikie komeo. Hapigwi, hatukanwi. Anaondoka tu.

"Anakwenda wapi?"

Sikudhani alielekeza kidole vilimani. Kila kilima kilikuwa na nyumba. Ndogo, kubwa, nyingine ya mabua tu, na kila moja ilijengwa na mtu aliyetoka kwa Mlango wa Baraka. Kila nyumba ilikuwa na Mtangulizi wake, na kila nyumba, tangu siku ya kuwekwa msingi, ilikuwa na Mlango wa Baraka wake. Iko nyumba, alisema Sikudhani, ambayo Mtangulizi na mkewe ndio kusanyiko zima, na hata humo mlango umeshanakshiwa.

"Basi sisi tunakohoa," alisema. "Tukisema tutaimbiwa. Na sisi hatutaki kuondoka, mdogo wangu. Hapa ndipo nilipobatiziwa wanangu. Nitamwachia nani?"

Sasa, nyumba yenyewe ilikuwa ya ajabu. Ilikuwa imekwenda juu kama kichuguu. Kila baada ya muda Mtangulizi aliongeza ghorofa, na kusanyiko zima likahamia huko, likaacha chini vyumba vitupu vyenye mabenchi yaliyopangwa vilevile, kana kwamba watu wametoka kidogo watarudi. Ngazi zilipita katikati ya vyumba hivyo, zikiacha uwazi mkubwa kutoka chini kabisa hadi juu kabisa. Wenye magoti mabovu walibaki njiani, kila mmoja kwenye ghorofa alipoishiwa nguvu.

Chini kabisa, kwenye benchi la mbele la chumba cha kwanza, alikaa bibi mmoja peke yake. Alikuwa Bi Tunu, mama yake Sikudhani. Siku za kusanyiko aliketi hapo, akisikiliza nyimbo zikishuka kwa uwazi wa ngazi, naye akaimba sauti ya pili, ikapanda kwa uwazi uleule. Watu wa juu walisema bila sauti yake wimbo unachechemea.

Aikande alimsalimu shikamoo, akamwuliza kama haoni upweke kukaa mbali hivyo.

"Mbali na nini?" alisema Bi Tunu. "Mimi niliketi benchi la mbele nikiwa mwali. Sijahama hata siku moja. Mbele ndiko kulikohama." Akacheka, meno machache, akamgonga Aikande begani. "Na wewe usikonde hivyo. Kula. Koo bila nyama halikohoi."

Lakini Sikudhani hakucheka. Walipotoka nje alimweleza Aikande lile lililomnyima usingizi. Mtangulizi alikuwa ametangaza kwamba uwazi wa ngazi utazibwa kwa mbao, na ngazi mpya zitapitishwa nje ya ukuta. Ukizibwa, Bi Tunu hatasikia wimbo tena, wala wimbo hautamsikia yeye. Kusanyiko lilikohoa siku ile mpaka njiwa wakaruka darini. Sikudhani mwenyewe alikohoa kikohozi cha kifuani, kile cha mama yake, ambacho ukoo wao haukuwa umekitumia tangu zamani. Alidhani kitatosha.

Kesho yake walikwenda kwenye ofisi ya vikohozi kuuliza kilifikia wapi. Ofisi hiyo inaongozwa na afisa aitwaye Mpokea Vikohozi, na wakati huo alikuwa Bwana Tegemeo, mtu mpole mwenye masikio makubwa na subira kubwa zaidi. Waliwakuta maafisa wake wakijadiliana, na ilibidi wangoje. Mjadala ulihusu mtu aliyepiga chafya wakati wa tangazo. Upande mmoja ulishikilia kwamba chafya ni kikohozi kilichopotea njia na kinastahili kupokelewa. Upande wa pili ulisema chafya ni ya mwili, kikohozi ni cha moyo, na tukianza kupokea chafya kesho tutaletewa kwikwi. Afisa mmoja kijana akauliza kwa nini wasimfuate yule mtu wakamwuliza alikuwa na maana gani. Mwenzake akamwekea mkono gotini kwa huruma, kama mtu anavyomtuliza mgonjwa aliyepayuka, na mjadala ukaendelea pale ulipokuwa.

Zamu yao ilipofika, Bwana Tegemeo alimhakikishia Sikudhani kwamba kikohozi chake kilipokelewa kwa heshima zote, na kwamba alikifikisha kwa Mtangulizi siku ileile.

"Ulimwambia ni cha nini?" aliuliza Aikande, kwa sauti iliyomshangaza mwenyewe.

"Nilimwambia watu wamekohoa sana, binti yangu. Ndiyo kazi yangu." Akashusha sauti. "Mimi napokea, sielewi. Aliyekuwa kwenye kiti hiki kabla yangu alijaribu kuelewa. Sasa ana nyumba yake kule kilimani, nyumba nzuri, ina upepo."

Katika Mapandio kila mgeni hualikwa kunywa uji na Mtangulizi, na jioni ile mjumbe alikuja kumchukua Aikande. Alipanda ngazi akijiandaa kukutana na mtu mkali. Alijipangia hata maneno. Juu kabisa alimkuta mzee mwembamba anayesuuza vikombe mwenyewe, akikaa kila baada ya kikombe kimoja ili apumzishe magoti.

Mtangulizi alimkaribisha, akamuuliza habari za kwao, akasikiliza majibu. Halafu, kwa kuwa mgeni ni mtu wa kupita na moyo hufunguka kwa mtu wa kupita, alianza kueleza shida yake.

Alipopewa uongozi, alisema, alikuwa bado mgeni wa nchi hii, na wote walikaa chini, kwenye chumba cha kwanza. Akatangaza jambo dogo, hata hakumbuki vizuri lilikuwa nini, labda la kubadili saa ya kuimba, na nyumba nzima ikakohoa. Alishtuka. Akauliza kuna nini, wakakohoa tena. Alitazama mlango ulio wazi, akaona barabara ya vumbi, akaelewa: watu wake wanaumwa vifua. Usiku ule hakulala. Akaazimia kuwajengea ghorofa, wakae juu ya vumbi.

"Nilipotangaza ghorofa wakakohoa zaidi," alisema. "Nikaona vumbi limewafuata. Nikajenga nyingine. Kila nikipanda nao, wanakohoa. Sasa nimetambua kosa langu. Vumbi linapanda kwa uwazi wa ngazi. Nitauziba." Akakisogeza kikombe chake. "Magoti yangu hayanitaki tena, binti. Ningependa sana kukaa chini. Lakini nitawaachaje watu wangu kwenye vumbi?"

Aikande alikishika kikombe cha uji kwa mikono miwili. Aliliona jambo lote kwa mara moja, jinsi mtu anavyoona fundo la uzi baada ya kulihangaikia: anajenga kwa sababu wanakohoa, nao wanakohoa kwa sababu anajenga. Neno moja la kawaida lingelifungua. Na yeye alikuwa mgeni. Mlango wa Baraka ungemrudisha tu alikotoka. Hakuwa na cha kupoteza.

Mtangulizi alikuwa anamtazama, anangoja. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyefanya wema maisha yake yote na kuchoka nao. Ndipo Aikande alipotambua kwamba hakuwahi kuogopa mlango. Alichoogopa ni huo uso, na namna utakavyogeuka akishaambiwa. Hakutaka kuwa yeye wa kuugeuza. Alikuwa amekiita kitu hiki unyenyekevu tangu utotoni, na watu wazima walimsifu kwacho.

Akakohoa.

"Hata wewe," alisema Mtangulizi kwa masikitiko, akainuka kwa taabu kwenda kumwita mjumbe. "Hata mgeni, kwa siku chache tu. Mwambieni fundi tusingoje tena. Tuuzibe kesho."

Kesho yake kusanyiko lilijaa. Aikande alisimama kando ya Sikudhani, karibu na uwazi, na hakumweleza aliyoyasikia kwa Mtangulizi, aibu ilimfunga. Mafundi walikuwa wameshaleta mbao. Bwana Tegemeo alikaa mahali pake na masikio yake tayari. Wakaimba, na kutoka chini kabisa, nyembamba na imara, sauti ya Bi Tunu ikapanda ngazi na kuchukua nafasi yake katikati ya sauti za wengine.

Mtangulizi aliuliza, kama desturi inavyomtaka, ikiwa kuna neno kabla kazi haijaanza. Nyumba ikakohoa. Walikohoa matajiri na maskini, walikohoa wenye vikohozi vya ukoo na wasio navyo. Sikudhani alikohoa hadi akashika ukuta, machozi yakamtoka. Kila mmoja alitoa alichokuwa nacho chote, na hakuna aliyesema kitu.

"Vimepokelewa," alisema Bwana Tegemeo, akainamisha kichwa.

Mtangulizi aliwatazama kwa uchungu, akawapa mafundi ishara waharakishe. Wimbo uliendelea. Ubao wa kwanza ukalala, wa pili ukalala, sauti ya Bi Tunu ikawa kama inatoka nyuma ya shuka, kisha nyuma ya ukuta. Ubao wa mwisho ulimkatia katikati ya mstari.

Hapo nyumba nzima ikanyamaza. Wimbo ulikoma wenyewe. Watu walisimama wameinamisha vichwa, kila mmoja akitega sikio kwenye mbao, na katika kutega huko hakuna aliyethubutu kukohoa, asije akaifunika ile sauti kama bado ipo. Ilikuwa mara ya kwanza nyumba kukosa kikohozi tangu siku za chumba cha chini.

Uso wa Mtangulizi ukang'aa kwa furaha.

"Mnaona?" alisema taratibu. "Mmepona."

Aikande alihisi lile neno limesimama tena kooni. Sikudhani, kwa wema aliozoea, alimwekea kipande cha tangawizi kiganjani na kumnong'oneza atafune, kikohozi kitapoa. Aikande alikitazama. Watu wema wote wa nchi hii walikuwa na tangawizi. Akakirudisha mkononi mwa Sikudhani, akageuka kumtazama yule mzee aliyekuwa anatabasamu peke yake, akafungua kinywa.

"Kunywa kwanza," alisema Mchungaji Sangiwa.

Alikuwa amesimama mbele yake na glasi ya maji, amebeba na kisahani chini yake, kama mtu anayemhudumia mgeni. Kitambaa cha kufutia kilikuwa bado mkononi mwa Aikande. Nje, mtu alikuwa anafagia uwanja. Mchungaji alisema tena pole, akasema kanisa hili lina vumbi sana, pengine wazee nao ndilo linalowakohoza alfajiri, ni sababu nyingine ya kuwahurumia. Kisha akangoja anywe, na uso wake ulikuwa wazi na mchovu, uso wa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwambia kitu.

Aikande aliipokea glasi, akaiweka juu ya benchi la bibi bila kunywa.

"Si vumbi, Mchungaji," alisema.

Sauti ilikuwa ndogo na ilitetemeka, lakini haikumkimbia. Aliuona uso wa Mchungaji ukianza kugeuka, kama alivyoogopa siku zote kwamba utageuka. Hakuyaondoa macho yake.

"Sikubali ibada ya alfajiri ifutwe. Wazee hawajakuomba uwaondolee baridi, hujawauliza, na mimi sitawatangazia. Umekosea, Mchungaji. Wala siendi kokote. Kesho alfajiri nitakuwa hapa, nitasoma somo, na ukihubiri nitakusikiliza."